Madoa ya Vijumba Tisa

Machi 5

Daktari wa macho amenikataza kutazama skrini baada ya kazi. Amesema macho yangu yamechoka kuliko umri wangu, kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naangalia msitu kutoka angani. Akacheka, akadhani namtania. Basi jioni nitaandika kwa mkono mpaka mvua ziishe, tuone kama macho yatapona au nitapata wazimu.

Kazi yenyewe haina uchawi. Setilaiti inapita, inapiga picha ya msitu wa hifadhi, nami nakaa kwenye kiti kibovu nasoma rangi. Jani lenye afya linarudisha mwanga kwa namna yake, jani linaloumwa kwa namna nyingine, na kompyuta inaona tofauti hata pale ambapo mimi na wewe tungeona kijani tu. Picha imegawanyika vijumba vidogo vya mraba, kama karatasi ya hesabu ya shule. Vijumba vikianza kufifia, najua chini pale kuna miti yenye shida. Halafu lazima mtu aende kwa miguu kuthibitisha. Mtu huyo ni Shemeji, mume wa dada yangu, kiongozi wa walinzi wa msitu.

Machi 8

Mvua imeanza. Mawingu kila mahali. Siku nzima nimetazama picha nyeupe kama shuka.

Machi 10

Jumapili, kwa Dada kama kawaida. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, na mpaka leo ananiwekea kiti kile kile karibu na mlango wa jikoni, ili iwe rahisi kunituma.

"Karibu, jicho la angani!" Shemeji aliniambia. "Wiki hii umeniona wapi?"

"Nimekuona umelala chini ya mti badala ya kulinda."

"Ee, setilaiti yenu haisemi uongo."

Tulicheka. Nikawasimulia jinsi nilivyomgundua muuza sukari wa mtaani kwetu, kwamba mizani yake ina kasoro upande mmoja. Dada akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, wewe ungemshuku hata mkunga aliyekupokea." Labda. Lakini mizani ina kasoro.

Machi 14

Mawingu yamepasuka asubuhi na nimepata picha safi ya Kitalu cha Mashariki, kipande kimoja cha hifadhi. Madoa matatu ya vijumba vilivyofifia. Wakati wa kiangazi ningesema ni ukame, lakini sasa miti inakunywa mchana na usiku. Nani anaumwa kiu katikati ya mafuriko?

Kanuni yetu ni hii. Doa lenye vijumba pungufu ya tisa tunalifuta, maana huenda ni kivuli cha wingu au mti mmoja ulioangushwa na upepo. Kuanzia tisa linaingia kwenye ramani. Ramani inakwenda kwa Bodi ya hifadhi, na Bodi inahesabu madoa. Madoa yakizidi kiwango, kitalu kinaitwa msitu mfu, kinatolewa kwenye hifadhi, na wavuna mbao wanafunguliwa mlango. Ng'ambo ya mto, ukingoni mwa kitalu hicho, kuna kiwanda cha mbao kilichojengwa mwaka juzi. Kinasubiri. Paa lake linang'aa kwenye kila picha, nami kila nikiliona nahisi linanitazama.

Nimemwonyesha Mzee Miwani, mwenzangu wa chumba kimoja. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, na kanuni ya tisa tuliiandika pamoja. Tunamwita hivyo kwa sababu kutwa anaitafuta miwani yake, na kutwa iko juu ya paji la uso wake. Ameguna, akasema, "Hili si jambo dogo. Tuma watu."

Mkuu wetu naye tunamwita Bado. Ukimpelekea kazi yoyote, neno lake ni hilo moja. Nimempelekea madoa. Akasema, "Bado. Thibitisha kwanza."

Machi 15

Nimemtumia Shemeji alama za sehemu tatu za kwenda. Amejibu kwa kidole gumba.

Machi 20

Picha za Shemeji zimefika. Miti ya kijani, imenona, inatiririka maji. Ujumbe wake: "Huku shwari, ni mvua tu." Basi kati ya kompyuta na Shemeji, mmoja ananidanganya, na kompyuta haina mke wala watoto.

Machi 21

Leo nimezikuza zile picha moja moja. Kwenye picha ya sehemu ya kwanza, nyuma kushoto, kuna mti wenye panda na kovu kubwa la tawi lililovunjika. Kwenye picha ya sehemu ya pili, nyuma kulia, mti ule ule. Ya tatu, katikati. Kovu ni lile lile. Sehemu zenyewe ziko ng'ambo ya mto, tena mbalimbali; ukiwa kwenye moja huwezi kuiona nyingine. Shemeji amesimama mahali pamoja akageuka geuka kama mpiga picha wa harusi.

Sikumwambia mtu.

Machi 22

Nimemwambia Mzee Miwani. Aliitafuta miwani, nikamwonyesha ilipo. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sisemi kitu. Huyo ni ndugu yako. Ila funguo za lango la msitu anazo nani?"

Machi 24

Jumapili. Nilifika mapema ili nione mabuti ya Shemeji mlangoni. Masafi. Msimu wa mvua, mlinzi wa msitu, mabuti masafi.

Wakati wa chakula nikamuuliza kama njia za Kitalu cha Mashariki zinapitika. Akasema zinapitika. Nikamuuliza mto umejaa kiasi gani. Akainuka, akaenda kuangalia kama pipa la maji limejaa, na mvua ilikuwa inanyesha hata mtoto angejua limejaa.

"Mwache mwenzio ale," Dada akanikatiza. "Kazi iishie kazini."

Alinikatiza haraka mno. Je, naye anajua? Najichukia kwa kuandika hivyo, lakini nimeshaandika.

Machi 29

Madoa matano. Yametawanyika vizuri, kama yanayotokana na ugonjwa wa miti. Bado amepita mezani kwangu, akatazama, akaenda bila kusema hata lile neno lake. Na yeye simwelewi.

Aprili 2

Nimemchongea Shemeji. Sitalipamba neno.

Nilikwenda kwa Bado na zile picha tatu za mti wenye panda. Akazitazama, akazirudisha. "Bado," alisema. "Hii inaonyesha hakufika. Haionyeshi aliyeharibu."

Nilirudi mezani nimekasirika. Kwa nini mkuu wa kitengo hataki kujua? Mzee Miwani akasema kwa upole kwamba kuna mambo huwa hayasogei mpaka yaandikwe, na kama naogopa, atanisaidia kupanga maneno. Akanisaidia. Tukapeleka kwa maandishi kwa wakubwa, bila kupitia kwa Bado. Kufikia jioni Shemeji alikuwa amesimamishwa kazi na kunyang'anywa funguo.

Aprili 4

Dada amekuja kwangu. Hajawahi kuja bila kupiga simu. Alisimama katikati ya chumba na mwavuli unachuruzika kwenye mkeka wangu.

"Umemchongea mume wangu."

"Dada, keti kwanza."

"Sikuja kukaa. Hayo uliyoandika, uliniuliza mimi?"

"Nilimuuliza yeye, akakwepa. Wewe ungeniambia nini?"

"Ungeniuliza, ungejua." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo inayonitisha, Dada akikasirika kawaida mtaa mzima unasikia. "Watoto wameniuliza kwa nini mama mdogo amemfukuza baba kazi. Niwajibu nini? Niwaambie ameona kutoka angani?"

"Picha zile ni za uongo, Dada. Mti mmoja, sehemu tatu."

"Najua ni za uongo! Nimeishi naye miaka yote hii, nisijue akidanganya? Lakini kudanganya na kuua msitu ni kitu kimoja kwako?"

Akaingia jikoni kwangu, akatoa sufuria yake kubwa aliyoniazima, akaondoka nayo kwenye mvua. Hakufungua hata mwavuli.

Nimelia, naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Na nilipomaliza kulia nikaanza kujiuliza kwa nini hakutaka kuketi. Mtu asiye na la kuficha huketi. Mungu anisamehe, lakini ndivyo kichwa changu kilivyo.

Aprili 7

Jumapili. Sikwenda popote.

Aprili 13

Picha safi. Madoa mawili mapya, na Shemeji yuko nyumbani bila funguo. Hilo halimsafishi: mti uliojeruhiwa leo hauanzi kufifia leo. Yumkini ni kazi ya zamani.

Lakini nimeona kitu kingine. Nimeyapanga madoa yote saba. Tisa, tisa, kumi, tisa, tisa, kumi, tisa. Ugonjwa haujui kuhesabu. Ugonjwa ungeua vijumba vinne hapa na arobaini pale. Haya yamekatwa kwa kipimo: kila doa linatosha tu kuingia kwenye ramani, bila jasho la ziada na bila kuwa kubwa hata walinzi washtuke.

Anayefanya hivi hataki mbao za madoa haya saba. Anataka nimwandikie ramani mbaya. Ananitumia mimi.

Na Shemeji haijui kanuni ya tisa. Yeye hupewa alama za kwenda, basi. Tunaoijua ni watatu: mimi, Bado na Mzee Miwani.

Aprili 15

Bado. Lazima ni Bado. Ndiye aliyekataa picha, ndiye anayetazama ramani na kwenda zake kimya. Lakini wiki mbili zilizopita nilikuwa na uhakika vile vile kuhusu mtu mwingine, kwa hiyo safari hii nitauacha msitu uniambie.

Asubuhi nilimfuata Bado peke yake. "Mkuu, mvua zinatuletea vivuli vingi. Nataka tupandishe kipimo. Doa likiwa chini ya vijumba kumi na tano tulifute. Usimwambie mtu kwanza, bado najaribu." Akasema sawa.

Mchana, Mzee Miwani akiwa anakoroga chai, nikamwambia maneno hayo hayo, isipokuwa ishirini badala ya kumi na tano. "Ishirini?" akasema. "Si ni kubwa mno?" Nikamwambia ni ya msimu wa mvua tu. Akakubali, akanisifu kwamba sasa nimekuwa mtaalamu kamili. Niliona aibu kumdanganya, mzee wa watu.

Aprili 18

Mawingu.

Aprili 21

Mawingu. Nimemwona Dada sokoni akiongea na mke wa dereva wa kiwanda cha mbao. Wanacheka. Dada anacheka na watu wa kiwanda? Nikajificha nyuma ya magunia ya viazi kama mwizi, mpaka muuza viazi akaniuliza kama nanunua au nachungulia.

Aprili 27

Nimemkuta Shemeji kwa fundi viatu, anashonesha mabuti. Ningegeuka, lakini alikuwa ameshaniona.

"Mabuti ya nini na huna kazi?" Maneno yalinitoka kabla sijafikiri.

"Ya siku nitakayorudi," alisema.

Akanisogezea kigoda. Fundi akajifanya hasikii. Shemeji akanieleza, bila hasira, kwamba daraja la miguu lilichukuliwa na maji mvua zilipoanza, na walinzi wake wawili nusura wazame wakijaribu kuvuka. Akawakataza kuvuka tena. Kisha alama zangu zikafika, zote ziko ng'ambo, na akaona haya kuniandikia kwamba ameshindwa. Akapiga picha upande wa huku.

"Nilikosea," alisema. "Nimekiri hata kwa wakubwa. Lakini mti sijaugusa, shemeji."

"Kwa nini hukuniambia ile Jumapili?"

"Mbele ya watoto? Kwamba baba yao ameogopa maji?"

Nilitaka kumwamini papo hapo. Lakini mimi simjui mtu kwa macho yake. Macho ya watu yananichanganya. Niliondoka nikiwaza: kama daraja halipo, anayeua miti anaingilia upande wa kiwanda.

Mei 1

Mawingu.

Mei 4

Mawingu. Bado ameniuliza, "Bado?" Nikajibu, "Bado." Ndiyo mazungumzo yetu marefu ya wiki hii.

Mei 9

Anga limefunguka. Nimekaa mbele ya kompyuta. Madoa mapya mawili, Kitalu cha Mashariki, karibu na mto. La kwanza nililihesabu kwa ncha ya kalamu, nikalihesabu tena. Ishirini. La pili, ishirini na moja.

Mzee Miwani alikuwa nyuma yangu anapuliza chai yake.

Nilitaka awe Bado. Nilitaka sana awe Bado. Mtu huyu alinishika mkono nilipoanza kazi sijui hata kuwasha mashine, alikuja kwenye mazishi ya baba, alinisaidia kupanga maneno ya kumwangusha mume wa dada yangu, na alikuwa anachagua kila neno kwa faida yake mwenyewe. Nimemchukia.

Halafu jioni hii, nikiwa nakunja nguo, hesabu nyingine imenijia. Kama nisingesema ishirini, wangeishia tisa. Vijumba vya ziada ni vyangu. Kijumba kimoja ardhini ni eneo la kutosha miti mikubwa mitatu au minne. Nimemkamata mtu kwa chambo, na chambo ni miti niliyoajiriwa kuilinda.

Mei 10

Nilimwendea Bado, nikamweleza yote, pamoja na namba niliyomdanganya yeye. Hakukasirika. Akafungua kabati, akatoa ramani zangu zote za msimu huu. Hakuwa ameipelekea Bodi hata moja.

"Zilikuwa zinanuka," alisema, "lakini sikujua harufu inatoka kwa nani. Hata wewe nilikushuku."

"Mimi?"

"Ndiwe uliyekuwa unazichora."

Watu wa uchunguzi walikuja kabla ya mchana. Mkwe wa Mzee Miwani, mume wa binti yake, ndiye msimamizi wa kile kiwanda. Mzee alikuwa anampa alama za mahali na ukubwa, vijana wa kiwanda wanafanya kazi. Hakubishana. Alikusanya kikombe chake na picha ya wajukuu, kisha akanigeukia.

"Kanuni ya tisa nilikufundisha mimi."

"Ndiyo, mzee."

"Na hii ya kumpa kila mtu namba yake, nani kakufundisha?"

"Hakuna."

"Basi umehitimu," akasema. Akainua mkono moja kwa moja kwenye paji la uso, akaishusha miwani machoni, akatoka. Miaka yote namwonyesha ilipo, na leo alijua.

Mei 15

Shemeji amepewa onyo la maandishi na kurudishiwa funguo. Nimempigia Dada. Hakupokea. Nimempigia Shemeji, nikamwomba anipeleke kwenye madoa. Akasema nivae viatu vya maana.

Mei 18

Tulizunguka kupitia upande wa kiwanda. Lango lake lilikuwa limefungwa kwa mnyororo wa serikali. Miaka yote hii nausoma msitu huu, na nimeingia ndani yake mara chache kiasi cha aibu. Nilishtushwa na kelele: ndege, maji, matawi. Kwenye picha kuna kimya.

Kisha tukaingia kwenye doa, kelele zikapungua. Miti ilikuwa imesimama wima. Kila mmoja umemenywa gome kuzunguka shina, kiunoni, kama mshipi, na kwenye jeraha pamemwagwa sumu. Majani yalikuwa yanadondoka bila upepo. Nilishika shina moja, likawa na unyevu bado.

"Hili mbona kubwa kuliko mengine?" Shemeji aliuliza.

Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia: mtego, kumi na tano kwa huyu, ishirini kwa yule. Alisikiliza akiwa anaondoa gome lililoning'inia, taratibu, kama anayebandua bendeji.

"Ungeniambia mimi," alisema mwishowe.

"Nikuambie nini? Nilikuwa nakushuku."

"Nilikuwa nimekaa nyumbani sina kazi. Ungeniambia tu kwamba wanaingilia ng'ambo, ningekuja na wenzangu tukawangoja hapa. Tungewakamata na mapanga mkononi, kabla hawajagusa mti."

Hakusema kwa kunilaumu, na ndiyo maana iliniuma. Ile siku kwa fundi viatu ningeweza kumwambia. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa kumwamini.

Mei 19

Jumapili. Nilikwenda bila kualikwa. Kiti changu kilikuwa mahali pake karibu na mlango wa jikoni, lakini juu yake palikuwa na nguo za kupiga pasi. Nikasimama. Dada aliendelea kupakua, Shemeji akajifanya anasoma maandishi ya kwenye chupa ya mafuta.

"Amenieleza mlichokiona," Dada alisema bila kugeuka. "Na miti yako pia amenieleza."

"Nimekuja kukuomba msamaha, Dada."

"Mume wangu ulimshuku, sawa, alijitakia na picha zake za uongo. Mkuu wako ulimshuku. Na mimi?" Akageuka sasa, mwiko mkononi. "Mimi pia ulinishuku?"

Alinitazama kama mimi ninavyotazama picha, kijumba kwa kijumba. Nikasema ndiyo.

"Siku ngapi?"

"Moja."

Kisha akaziondoa nguo kwenye kiti, akaziweka mapajani mwa Shemeji, akanipa sahani yangu. Tulikula. Watoto waliniuliza kama setilaiti inaweza kuona ndani ya nyumba, nikawaambia haiwezi. Baada ya chakula Dada akanikabidhi ile sufuria kubwa. "Osha. Halafu ondoka nayo, najua huna nyingine."

Iko hapa mezani ninapoandika. Leo mvua haikunyesha, macho yangu yanasoma vizuri, nami nimerudi nyuma kwenye kurasa hizi kutafuta siku niliyomshuku Dada.

Ni siku tatu.